Herini za Kopo

Mlangoni tulikaguliwa kama forodhani.
"Hizo umezinunua?"
"Sikuzinunua."
"Zilikuwa nini?"
"Kopo la sadini."
Goulven akaigonga moja kwa ukucha, ikalia,
akanipiga muhuri wa maji ya bitiruti kiganjani:
pita.

Ndani ya kiwanda kilichofungwa, hapa Douarnenez,
taa zilikuwa zinahema.
Baiskeli sita zimefungwa sakafuni zisiende popote,
na wanaokanyaga wakichoka, sote twaingia nusu giza,
ukumbi unazomea
mpaka mtu mwingine arukie tandiko.
Nilimwona mwalimu wangu wa hesabu, Bi Le Bihan,
blauzi imemganda mgongoni,
akitufulia umeme kwa miguu yake miwili.

Na mapambo, jamani!
Riwal kajifunga tai ya tyubu, kiraka bado kipo.
Maïvenn ana mkufu wa vitufe vya kompyuta,
herufi zote, isipokuwa zile za jina la mchumba wake wa zamani;
hizo alizing'oa kwa koleo.
Muuza mkate kaja na taji la vijiko.
Binti wa meya bangili zake zilikuwa na lebo ya duka, euro arobaini.
Hakuna aliyesema neno. Macho yalisema.
Akaivua lebo, akaisokota, akabania nywele.
Akasamehewa.

Mimi herini zangu zilinila siku tisa.
Nilizisugua kwa siki, nikazisugua kwa ndimu,
nikazichemsha, nikakunja kingo zisinichane.
Bado zilinuka. Kidogo tu,
ila paka wa jirani alinisindikiza mpaka kona.

Kisha zumari likalia,
na mwimbaji wa pili akadakia neno
kabla wa kwanza hajalitema.
Tukajipanga, kidole cha mwisho kwa kidole cha mwisho,
unashikana na yeyote aliyekuangukia.
Mimi niliangukiwa na kidole kisichokunjika:
Bi Jakeza, miaka themanini na ushei.
Aliniinamia shingoni, akaninusa bila haya
kama anayechagua tikiti sokoni.
"Mafuta ya alizeti," akasema. "Si ya zeituni. Kopo la bei poa."

Hatua, hatua, turudi.

"Miaka thelathini na mmoja nimepanga samaki
hapa hapa unapokanyaga.
Mkia kwa shingo, shingo kwa mkia.
Jumamosi tukijisugua kwa chumvi ya mawe na sabuni ya kufulia
ndipo twende dansini,
na vijana wa juu mjini walijua tu.
Walicheza nasi wameelekeza pua dirishani."

Hatua, hatua.

"Leo wewe umeivaa harufu ile kwa hiari yako.
Masikioni!"

Sikujua nimesifiwa au nimetukanwa.
Nilitaka kusema kitu kuhusu takataka na bahari,
yale tuliyoyaandika kwenye mabango,
lakini maneno yalikuwa mepesi kuliko kidole chake.
Taa zikafifia; huko mbele mtu alikuwa amechoka.
Katika giza lile Bi Jakeza alicheka,
kicheko chembamba, cha bati likichanika.
"Nipe moja," akasema.

Tundu la sikio lake lilikwisha kuziba,
akaitundika kwenye mkono wa miwani.
Tukacheza mpaka saa nane,
sikio moja linalong'aa kwake, moja kwangu,
na kila tulipogeuka vipande viwili vya bati
vilikonyezana juu ya vichwa vya watu.
Kuna mvulana aliyetupisha.
Kuna mwingine aliyeomba kushika kidole chake cha upande wa pili.
Pua yake sikuiona imeelekea wapi;
nadhani mbele.

Hakunirudishia, wala sikudai.

Kwenye kona paka yuleyule alikuwa ananisubiri.
Nikachuchumaa. Akanusa sikio la kulia,
akazunguka, akanusa la kushoto,
akaketi, akanitazama
kama mtu aliyepewa chenji pungufu.